Mlio wa Alteneta Nisiousikia

Vijana wangu, Baraka ameniomba nije gereji kwake niwafundishe habari za moto wa redio za magari. Nimemwambia ni afadhali niandike, maana mkiniuliza maswali pale uani, mashine ya kuchomelea ikiwa inanguruma, sitayasikia. Kuliandika neno hilo kumenichukua muda. Nililifuta mara kadhaa, nikaweka udhuru mwingine, nikaufuta na huo.

Mimi naitwa Amulike. Watu wa Iringa hulicheka jina hilo, wanadhani nilijipa mwenyewe ili kuvuta wateja, fundi umeme kuitwa Amulike. Nilipewa na bibi yangu kule Rungwe, wakati kijijini kwetu hakuna aliyemiliki hata glopu moja.

Haya, tuanze na moto. Kijana akinunua amplifaya kubwa, mawazo yake yote yako kwenye spika. Anafunga, anaongeza sauti, na kila besi ikipiga taa za dashibodi zinafifia, ikinyamaza zinarudi. Anafurahi, anaona gari linacheza naye. Gari halichezi, lina njaa. Amplifaya haizai nguvu yoyote. Inachukua moto wa betri inaugeuza sauti, na betri nayo inalishwa na alteneta. Alteneta ikiwa ndogo, hata ukifunga betri kubwa kama jiwe la kusagia utakuwa umenunua tangi jipya na kuacha bomba lile lile jembamba. Muziki utapiga vizuri kidogo, halafu asubuhi gari halitawaka.

Maneno hayo ya tangi na bomba ni ya Mzee Sanga, aliyenifundisha kazi pale Mwanjelwa, Mbeya. Alikuwa Mkinga mfupi aliyevaa koti jua liwake lisiwake, na hakuwa na mazoea ya kueleza. Nilipofunga amplifaya yangu ya kwanza ikawa inajizima kila ukiongeza sauti, nilibadilisha betri, nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha amplifaya yenyewe. Yeye alikuwa amekaa kwenye tairi anakula ndizi ya kuchoma. Alipomaliza akafuta mikono, akainama, akafungua bolti ya ethi niliyoikaza kwenye bodi ya gari, akanionyesha rangi iliyokuwa chini yake.

"Moto umeuwekea njia ya kuja," akasema. "Wa kurudi unapita wapi? Kwenye rangi?"

Akanipa kipande cha msasa, nikakwangua mpaka chuma kikang'aa. Amplifaya haikujizima tena. Tangu hapo, ethi yangu naikwangua kama mtu anayesugua sufuria la ugali. Na nyinyi fanyeni hivyo, halafu pakeni grisi kidogo juu yake, la sivyo mvua za huku zitairudishia kutu kabla ya Krismasi.

Kosa langu kubwa pale Mwanjelwa lilikuwa la lori. Malori yanayokwenda Tunduma yana betri mbili zilizounganishwa, volti ishirini na nne, na redio inataka kumi na mbili. Mimi nikajiona mjanja, nikachukua moto kwenye betri moja tu. Redio ikaimba, dereva akaondoka anapiga honi. Sikujua kwamba betri ile moja itakuwa inanyonywa peke yake huku mwenzake akishiba, na alteneta haitaweza kuzilisha sawa. Dereva alilala Igawa na mzigo wake, lori limekufa. Aliporudi hakutukana. Alisimama mbele yangu amekunja mikono, akaniuliza kama nami nina watoto. Sikuwa nao. Sanga ndiye aliyemwomba radhi, kisha akafunga kifaa cha kupunguza volti kama inavyotakiwa.

Nimewapa hayo kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kusema. Aibu ya kijana asiyejua hupita haraka. Mtu hucheka, anajifunza, anaendelea na kazi.

Sanga alinifundisha jambo moja zaidi. Nikimaliza kufunga, nikiwa na hamu ya kumsikilizisha mteja muziki, alikuwa ananiambia, "Zima muziki. Washa injini. Kanyaga mafuta. Halafu sikiliza."

Kulikuwa na sababu. Alteneta inapozalisha umeme, inazalisha na uchafu pamoja nao. Ukipitisha waya wa moto ubavuni mwa waya wa sauti, au ethi ikiwa mbovu, uchafu ule unaingia kwenye spika. Ni mlio mwembamba, nyiii, kama mbu mmoja ndani ya chandarua. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Muziki ukiwa juu huusikii sana, lakini upo, na mtu akiendesha safari ndefu unamchosha kichwa mpaka anachukia gari lake bila kujua kwa nini. Dawa yake ni kupitisha moto upande wa dereva na sauti upande wa abiria, na kukwangua ethi. Lakini kwanza lazima uusikie.

Sanga alikuwa anasikilizia nje ya gari, milango wazi. Mimi nilipoanza kujitegemea nilikuwa naingia ndani, nafunga vioo vyote, naongeza sauti mpaka kioo cha nyuma kinatetemeka. Wateja walipenda. Walisema fundi huyu haogopi. Sanga alinikuta hivyo siku moja, akanigongea kioo, akasema kitu. Nikafungua mlango.

"Nimesema toka humo," akarudia. "Hayo ni masikio, hayauzwi dukani kama fyuzi."

Nilimcheka. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na haraka ya kuoa.

Nilioa Iringa. Mke wangu, Agnes, ni Mhehe wa Tosamaganga, na nilimwona pale pale misheni, akiimba kwaya. Alikuwa na sauti ndogo, safi, ambayo ilikulazimu unyamaze ili uipate. Nilihamia kwao, nikafungua gereji Ipogolo, kando ya barabara kuu, na Mungu akanisaidia. Vijana waliokuwa wanapimana muziki pale kwenye kuosha magari, wote walipita mikononi mwangu. Nikafunga gari la kutangaza, gari la kwaya, na pikapu za wakulima wa mpunga. Kwenye moto hakuna aliyenishinda. Nilikuwa napima volti pale amplifaya ilipo, muziki ukiwa juu kabisa, siyo kwenye betri gari likiwa limezimwa kama wanavyofanya wavivu. Kama kwenye betri una kumi na nne na kwenye amplifaya una kumi na moja, hizo tatu zimepotelea kwenye waya. Badilisha waya. Na waya wenyewe ukwangue ncha yake uone, maana siku hizi wanauza bati lililopakwa rangi ya shaba.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ikafika miaka ambayo kila nikizima muziki, nikawasha injini, nikakanyaga mafuta, nasikia kimya. Hakuna mlio. Gari la kwanza hivyo, la pili hivyo, yote hivyo. Nikaamini nimefika mahali ambapo Sanga mwenyewe hakufika. Niliwaambia watu kijiweni, bila haya, kwamba gari likitoka kwangu halina mbu. Nilisema pia kwamba magari ya kisasa yametengenezwa vizuri zaidi. Nikaacha hata kujali waya wa moto unapita upande gani. Kwa nini nijisumbue, na mlio wenyewe haupo?

Mambo mengine yalikuwepo, nikayapa majina mengine. Simu niliona ina kasoro, hailii. Ndege wa asubuhi niliona wamehama kwa sababu ya nyumba mpya. Wanaume niliwasikia vizuri, wanawake na watoto niliona wana tabia ya kumung'unya maneno. Nilimwambia hivyo Agnes, kwamba anamung'unya.

Akaanza kupaza sauti. Akaanza pia kuja gerejini, anakaa kwenye benchi na ufumaji wake, na mteja akisema jambo yeye analirudia kwa nguvu: "Anasema besi isizidi. Anasema anakuja Alhamisi." Mafundi wa jirani wakamwita Mama Kipaza. Nikacheka nao. Nilikuwa nawaambia wateja, mbele yake, "Mke wangu huyu hawezi kukaa kimya, mnisamehe." Yeye alikuwa anaangalia uzi wake. Sauti ile niliyoikuta kwenye kwaya iliharibika kwa kunipigia kelele mimi, na mimi nilimcheka mbele ya wageni. Katika yote nitakayowaeleza, hilo ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama mezani hadi leo.

Na Baraka, mwenye gereji hii mnayojifunzia. Alijifunza kwangu, akaondoka kwa amani, akafungua ya kwake mtaa wa pili. Baadaye nikaona magari niliyoyafunga mimi yamesimama uani kwake. Nikasema Baraka ananiibia wateja. Sikusema kwa siri. Nilisema hata kanisani, kwenye baraza la wazee.

Binti yetu anaitwa Atupele, ni mwalimu kule Idodi. Akapata mchumba, Gwamaka, kijana wa Tukuyu kule Rungwe, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, maana binti wa Iringa alikuwa anarudi nyumbani kwetu. Sendofu ya kumuaga tukaifanyia uani kwetu, maturubai mawili, wakwe wamekuja na gari zima la watu. Walikuja pia na bibi yake Gwamaka, mama mzazi wa baba yake, mwanamke mzee sana ambaye hakuwahi kufika Iringa. Alikuwa amesafiri kutwa nzima ili amwambie mjukuu mkwe maneno ya baraka kwa mdomo wake.

Chakula kilipokaribia, umeme ukakatika. Vyombo vya mpiga muziki vikafa. Jenereta la kukodi likakohoa likakataa. Wageni wakaanza kutazamana, na mimi nikasimama kwa furaha, nawaambia ukweli, kwa furaha. Nilikuwa na Noah yangu, nimeifungia mwenyewe betri ya pili, amplifaya mbili, spika za nyuma zinazoangalia nje. Nikairudisha kinyumenyume mpaka katikati ya maturubai, nikafungua mlango wa nyuma, nikachomeka maiki. Nikawaambia wakwe, "Hapa umeme haukatiki."

Bibi akasimama. Akashikiwa maiki. Atupele akapiga magoti mbele yake na gauni lake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, macho kwenye mita. Injini ilikuwa inaunguruma polepole, na alteneta injini ikiwa chini hailishi vya kutosha. Volti zikaanza kushuka. Nilimwona bibi anasogeza midomo, nikaona ni sauti yake ndiyo dhaifu, nikafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Nikakanyaga mafuta.

Volti zikapanda vizuri kabisa. Nikatazama kwenye kioo. Kina mama wa mstari wa mbele walikuwa wameshika vichwa. Nikadhani wanalia kwa maneno ya bibi. Mtoto mmoja alikuwa amefumba macho na mdomo uko wazi. Nikatoa mkono nje ya dirisha nikaonyesha dole gumba, kwamba moto upo, endeleeni. Mjomba wa Gwamaka akasimama. Atupele naye akasimama kutoka kwenye magoti, akashika gauni, akaja mpaka dirishani kwangu. Alisema kitu. Niliona meno yake, nikasoma "zidi". Nikazidisha.

Mkono wa Agnes ndio uliopita dirishani, ukageuza ufunguo, ukauchomoa.

Mshereheshaji akasema kwa sauti ya kawaida, karibu yangu kabisa ndiyo maana nilimsikia, "Tunaomba radhi, wageni wetu, chombo kina hitilafu."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nilishuka nikasimama katikati ya watu, nikasema kwa sauti kubwa, "Chombo changu ni kizima. Kama kuna mtu hataki kumsikiliza bibi, aseme hivyo, asisingizie chombo."

Walinitazama kama mtu anavyotazama ajali. Bibi alikuwa ameshakaa. Maiki ilikuwa mapajani mwake, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya maiki, na hakusimama tena. Wakwe walikula, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka jua likiwa bado juu. Atupele alibadilisha gauni akaanza kusaidia kuosha vyombo, siku ya sendofu yake, na nilipomsogelea akaniambia kitu ambacho sikukipata, na wala sikumwomba arudie.

Kesho yake Baraka akaja. Wakati wote niliokuwa namchafua hakuwahi kuja kunikabili, na siku ile nilidhani amekuja kunisimanga. Alisalimia, akaomba ufunguo wa Noah kwa Agnes, akaniomba niingie upande wa dereva. Yeye akakaa kando.

"Muziki umezimwa, mzee," akasema akiwa amenigeukia, polepole. "Washa. Kanyaga mafuta kidogo kidogo."

Nikakanyaga. Baraka akainua kidole, na kila nilivyokanyaga akakipandisha, nikiachia anakishusha. Alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umejikunja kama wa mtu anayetolewa mwiba. Mimi sikusikia chochote.

"Inalia?" nikauliza.

"Inalia sana, mzee."

"Tangu jana?"

"Tangu uifunge."

Halafu nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimeshaanza kulijua. "Na zile zilizokuwa kwako uani?"

Akatazama viatu vyake. "Walikuwa wanakuja na mlio. Nahamisha waya wa sauti upande wa pili, basi. Moto wako ulikuwa safi siku zote, mzee, huo sikuwahi kuugusa. Walisema nisikwambie. Mama naye alisema."

"Mama yupi?"

"Mama yetu, Mama Atupele. Alikuwa anawaleta yeye mwenyewe, wengine."

Vijana, nimesimamishwa na polisi, nimeunguza gari la padri, nimeanguka mtaroni sokoni mbele ya mkutano wa hadhara. Hakuna kilichonishusha kama yale maneno ya upole ya Baraka. Mtaa mzima ulikuwa umenibeba, na mimi huko juu nilikuwa nawatukana walionibeba. Nilitaka anitukane na yeye ili tuwe sawa. Hakunitukana. Akauliza kama ahamishe waya za Noah, nikamwambia ahamishe, nikabaki nimekaa ndani ya gari wakati anainua zulia chini ya miguu yangu.

Nilifunga gereji mwezi ule ule. Jumapili nilisimama kanisani nikasema kwamba niliyosema juu ya Baraka hayakuwa kweli, na kwamba sisikii vizuri. Watu wakaitikia kwa huruma, na huruma yao iliniuma kuliko ambavyo kicheko kingeniuma. Nilienda hospitali, daktari akanipima, akanipa kifaa cha sikioni. Nikanunua kofia ya kufunika masikio, na watu wakadhani ni baridi. Kwa Agnes nilijaribu kuomba radhi, nikashindwa mara nyingi. Siku nilipoweza, tukiwa tunachambua maharage, aliniacha nimalize, kisha akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Mimi sikuwa na shida na kupiga kelele. Shida ilikuwa unavyonicheka." Akaendelea kuchambua maharage.

Nikaamua kuwafuata wateja ambao najua hawakupita kwa Baraka. Wa mbali kuliko wote alikuwa Masunga wa Madibira. Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na sasa analima mpunga na kufuga. Nilikuwa nimemfungia pikapu yake muziki mzito kabisa, waya nene, fyuzi karibu na betri kama inavyotakiwa, kila kitu. Nilifika na Baraka, nikamkuta anafunga magunia. Nikamweleza sababu ya safari. Nikamwomba radhi kwa kumpa gari lenye mlio na kulisifia.

Masunga alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Baba, mimi niliusikia siku ile ile nikiwa njiani," akasema. "Nikaona mzee ameshasifia kazi, nitaanzaje kumwambia?"

"Leo tunautoa," nikamwambia. "Baraka ataushughulikia sasa hivi."

Akashtuka kidogo. "Hapana, usiutoe. Ng'ombe wameshauzoea. Nikiwapelekea chumvi, nikiwasha gari tu nakanyaga mafuta, wanatoka wenyewe kule mbugani. Ukiutoa nitawaitaje?"

Baraka aligeuka akatazama mashamba, mabega yanatikisika. Mimi nilicheka pia, mwishowe, lakini nilicheka uso ukiwa unaniwaka. Mwanamume ameishi na kosa langu mpaka amelitafutia kazi. Alitupa mchele wa kurudi nao nyumbani, na sikuweza kuukataa.

Kazi ya mwisho ilibaki Tukuyu. Atupele na Gwamaka walikuwa wameshaoana, na ndoa ilipita salama, lakini yale maneno ya bibi hayakuwa yamesemwa. Kwenye harusi bibi aliumwa miguu, hakwenda. Nikamwambia Atupele nataka kwenda, na nikamwomba twende pamoja, yeye na mumewe. Akakubali.

Tulimkuta bibi jikoni, kwenye moto, mvua ya kwao inanyesha juu ya bati kama kawaida yake. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa, nikainama, nikasema kilichonileta. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkatiza kwa mlio wa gari, na baada ya hapo nikasema kwamba wengine ndio hawakutaka kumsikiliza. Nilisema yote mbele ya binti yangu, sikuruka neno.

Gwamaka akayarudia kwa bibi kwa sauti, karibu na sikio lake, maana na yeye umri umemlemea. Bibi akatikisa mkono.

"Mimi nilidhani ndivyo mnavyoshangilia huko Iringa," akasema. "Nikaona hawa watu wamefurahi mno, acha nikae."

Wote wakacheka, na mimi nikaona nafuu kidogo. Nikamwomba, kama hatachoka, ayamalize yale maneno. Akamwita Atupele asogee. Akamshika mkono, akageuza uso kwenye moto, akaanza kusema.

Nilikuwa na kifaa sikioni. Lakini kifaa hakichagui, kinaongeza kila kitu, na mvua ilikuwa imekijaza. Niliona midomo yake upande mmoja tu. Nikaona Gwamaka anashusha macho. Nikaona machozi ya binti yangu yanatoka bila yeye kuyafuta, na anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Bibi akamaliza, akamwachia mkono. Wote wakanigeukia mimi, baba wa binti, niseme neno la shukrani kama ilivyo desturi. Neno lenyewe nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ningesema ndaga fijo, tukanywa chai, tukaondoka, na hakuna ambaye angejua.

"Bibi," nikasema, "mimi sikusikia."

Uso ukaniwaka kama siku ile ya uani. Atupele akanitazama, na sikuweza kumtazama yeye. Bibi akauliza nimesema nini, Gwamaka akamwambia sikioni. Bibi akanyoosha mkono ashikwe, Atupele akamwinua, akazunguka moto kwa hatua zake ndogo ndogo, akakaa kwenye kigoda changu, tukabanana. Akanivua kofia akaiweka mapajani mwake. Akalishika sikio langu kwa vidole viwili, kama mtu anayetaka kumwadhibu mtoto, akaanza upya tangu mwanzo, polepole, ananiambia mimi.